Darubini Juu ya Mauser

Waliobuni bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 hawakuiachia darubini nafasi. Walimfikiria askari kijana atakayelenga kwa chuma kitupu: ufa wa nyuma, ncha ya mbele, halafu adui. Vitu vitatu, kila kimoja kwa umbali wake, na jicho moja la kuvipanga. Jicho la mtu wa miaka 60 haliviwezi vyote kwa pamoja. Mzee wa kijijini Lusu mwenye leseni na bunduki ya kizamani, anayekesha akilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, akimwomba fundi amfungie darubini, hatafuti anasa. Anataka kuona anachokipiga, na kuona wazi asichopaswa kukipiga.

Bunduki za aina hii zilifika kwetu kwa njia ngumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani hapa walibeba Mauser ya mwaka 1871, ambayo kila ikilia hutoa wingu la moshi na kumweleza adui mpigaji yuko wapi. Aprili 1915 meli ya Rubens iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya. Waingereza waliishambulia, na shehena ya risasi ikalowa maji ya chumvi. Risasi zile zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikaunganishwa upya. Mwaka uliofuata, kabla Wabelgiji hawajaiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, karakana ya reli ya mji huo ilikuwa ikigonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Na muda mrefu kabla ya reli, majembe ya wahunzi wa Unyamwezi yalisafiri na misafara kama bidhaa ya kutegemewa. Kwa hiyo mkono unaojua chuma si mgeni katika nchi hii, nami napenda kuitazama kazi ya fundi bunduki kama ndugu wa kazi hizo.

Kazi yenyewe huanza kwa kutazama tu. Fundi hutoa bolti, yaani komeo la bunduki, huikagua bunduki yote, huhakikisha chemba ni tupu, kisha huupima mgongo wa chuma kinachobeba bolti. Sehemu ya mbele ni ya mviringo, ya nyuma ina umbo jingine na kimo kingine, na juu yake kuna mfereji wa kuingizia kibanio cha risasi tano. Vishikio viwili vya darubini vitakaa juu ya sehemu hizo zisizolingana, na lazima vitazame upande mmoja na mtutu. Tuseme vimeachana sentimita 13. Kishikio kimoja kikikaa kando kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, kwenye mita 100 kosa linakaribia sentimita 8. Darubini ina vifundo vya kurekebisha, lakini fundi mzuri haviachii vifundo vifiche makosa yake. Huvitunza kwa ajili ya upepo, umbali na aina ya risasi.

Halafu tundu la skrubu ya kishikio. Chuma cha Mauser za zamani kimekomazwa ngozi ya nje na kuachwa laini ndani, ili kivumilie kishindo bila kupasuka. Ncha ya keekee ikigusa ngozi ile huteleza, na tundu lililohama nywele moja limeshaharibu kazi. Asiye na subira hukimbilia moto ili kulainisha. Fundi ninayemheshimu hathubutu kutumia moto mahali hapo, kwa kuwa ndani yake ndimo meno mawili ya bolti yanamojifungia na kuzuia nguvu ya risasi isimrudie mpigaji usoni. Huichubua ngozi kwa jiwe la kunolea, kidogo, penye alama peke yake, ndipo atoboe na kukata hesi za skrubu kwa mkono, akirudi nyuma kila baada ya mzunguko mfupi kutoa vumbi la chuma.

Mpini wa bolti nao una neno lake. Kwenye bunduki ndefu ya kijeshi umenyooka ubavuni, na ukiinuliwa hugonga darubini. Inabidi uinamishwe, na hapa moto hauepukiki. Bolti hufungwa matambara mabichi ili joto lisisafiri hadi sehemu zinazofanya kazi. Kidude cha usalama, ambacho katikati ya mwendo wake husimama wima, mara nyingi hubadilishwa kwa kingine cha pembeni.

Lakini kinachonivutia kuliko vyote ni masizi. Mafundi wa Suhl, mji wa Ujerumani uliosifika kwa bunduki, walifunga darubini kwa miguu yenye kucha zinazoingia kwenye matundu yake na kujifunga, ili iweze kutolewa na kurudishwa. Kucha hizo huchongwa kwa tupa hadi zikae. Fundi hupaka masizi ya taa kwenye chuma kimoja, hukibana kwenye kingine, hukitoa, hutazama. Palipong'aa pamegusana, anapapitisha tupa mara moja au mbili. Anapaka tena. Saa nzima inaweza kuishia katika unga wa chuma usiojaza ukucha.

Waingereza walichukua njia nyingine katika Vita vya Pili vya Dunia. Holland & Holland wa London waliziwekea bunduki za Lee-Enfield zilizochaguliwa kwa usahihi wao vibao viwili vya chuma ubavuni kushoto, wakaongeza ubao wa shavu kwenye kitako kwa sababu darubini humlazimu mtu kuinua kichwa.

Kabla ya risasi yoyote kupigwa, bunduki hulazwa kwenye kiegemeo. Bolti ikiwa nje, fundi hutazama kupitia mtutu mtupu hadi alama iliyo mbali ikae katikati ya duara, kisha, bila kuitikisa bunduki, hutazama alama ileile kupitia darubini na kuzungusha vifundo.

Ndipo hupiga risasi tatu kwa mita 100. Anaitoa darubini, anairudisha, anapiga tatu nyingine kwenye karatasi ileile. Hajali sana kama zimepata katikati, maana hilo ni la vifundo. Anataka kundi la pili lilale juu ya la kwanza. Likiwa limehama, darubini inatolewa tena na masizi yanarudi mezani.