Mvinyo wa Mwaka wa Jua Kali

Wapenzi wa mvinyo huusifu mwaka wa jua kama mkulima wa mahindi anavyousifu mwaka wa mvua. Lakini mvua ikizidi huwa gharika, na jua nalo lina kiasi chake. Mwaka 2003 Ulaya ilipigwa na joto ambalo wazee wake hawakuwahi kuliona. Ufaransa peke yake walikufa watu wapatao 15,000 katika mwezi wa Agosti, wengi wao wazee. Chupa niliyoionja ni mavuno ya kiangazi hicho, kutoka Saint-Estèphe katika mkoa wa Bordeaux, nayo ilikuwa imelala zaidi ya miaka ishirini.

Zabibu ikichomwa na jua, sukari hupanda na uchachu hushuka. Sukari ndiyo igeukayo kileo. Uchachu ndio uupao mvinyo uhai. Tena mzabibu ukikosa maji huacha kufanya kazi, na ukakasi wa maganda ukabaki mbichi ilhali sukari imekwisha jaa. Ndiyo maana wajuzi hawakuafikiana. Mwaka 2004 Robert Parker wa Marekani na Jancis Robinson wa Uingereza walizozana hadharani juu ya Château Pavie ya 2003: Parker aliipamba kwa sifa, Robinson akaipa alama 12 kati ya 20.

Sasa tuitazame chupa yetu. Niliimimina polepole, kwa kuwa mashapo yalikuwa mengi. Ukingoni rangi imekuwa ya tofali, bali katikati bado ni nyeusi kama zambarau mbivu. Harufu yake ni ya tende, ngozi na tumbaku. Mdomoni huanza kwa ulaini, kisha ukakasi hukamata ulimi kama bibo, na kileo huacha moto kooni. Hiyo ndiyo ila yake, wala sitaifunika.

Hata hivyo mvinyo huu haujafa. Udongo wa Saint-Estèphe una mfinyanzi mwingi kuliko wa majirani zake wa kusini, na mfinyanzi hushika maji pale changarawe inapoyaachia. Mizabibu ilipata cha kunywa, na ubichi kidogo ukasalia chini ya utamu wote ule.

Je, tuulaumu kwa kuwa na ladha ya joto? Mimi naona mvinyo uliokificha kiangazi kile ungekuwa mwongo. Lakini ukweli si uzuri, na mhakiki asiite moto utamu kwa sababu tu chupa ni ya bei. Nausifu kwa ushahidi wake, siusifu kwa mizani yake. Tangu hapo miaka ya joto imezidi, 2018 na 2022 ikiwamo, na wakulima wamejifunza kuyaacha majani yaifunike zabibu. Mwenye chupa ya 2003 ainywe sasa, pamoja na nyama iliyonona. Asiiwekee akiba wajukuu.