Tabianchi ya Nchi Isiyokuwapo

Wachoraji wa ramani za dunia za kubuni aghalabu huanza na rangi, wakaweka jangwa hapa na msitu pale kwa kadiri hadithi yao itakavyo, ilhali jangwa na msitu ni matokeo ya mwisho ya hesabu ndefu ambayo wao hawakuipiga. Ndiyo maana yafaa kuitazama kwa makini kazi ya Dan Lunt, mtaalamu wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Bristol, ambaye mwaka 2013 aliichukua ramani ya Middle-earth, nchi aliyoibuni J. R. R. Tolkien, akaitia katika programu ya kompyuta ya namna ile ile itumiwayo kukisia tabianchi ya dunia yetu, kisha akaitoa makala yake kwa jina la Radagast the Brown, mmojawapo wa wachawi wa hadithi hizo. Jina lilikuwa la mzaha, hesabu haikuwa.

Programu haikuambiwa wapi pana mvua. Ilipewa pwani, vimo vya milima na umbali wa kila mahali kutoka istiwai, na yaliyobaki ikayatoa katika kanuni za hewa na maji: kwamba hewa ya istiwai, ikiisha kupata moto, hupaa na kumwaga mvua yake papo hapo, halafu hushuka imekauka kwenye digrii 30 hivi kila upande, na ndiyo sababu moja kubwa ya kuwapo Sahara, kwamba hewa hiyo irudipo istiwai hupotoshwa na mzunguko wa dunia ikawa pepo za mashariki, jambo alilolieleza George Hadley mwaka 1735, na kwamba ukizipita digrii hizo upepo mwingi hutoka magharibi.

Hapo ndipo milima inaposhika hukumu. Misty Mountains, safu ya milima ya Middle-earth, imekingama mbele ya pepo za magharibi, hivyo mvua huanguka goshini na nchi ya demani hukauka. Msomaji wa kwetu ameyaona hayo Usambara, maana msitu wa Amani huzipokea pepo za baharini, na nyuma ya milima, kuelekea Mkomazi, ni vichaka vya miba. Kimo nacho kina hesabu yake: kila mita 1,000 hupunguza joto kwa digrii 6.5 hivi za Selsiasi, na kwa hiyo Kilimanjaro, mita 5,895, ina barafu ijapokuwa i karibu na istiwai.

Matokeo yalipendeza. Katika nchi za Middle-earth, Shire ilifanana na Lincolnshire ya Uingereza, Mordor ikafanana na Los Angeles na magharibi ya Texas, na pepo za bandari ya Grey Havens zikaonekana kuzifaa marikebu ziendazo magharibi.

Walakini pana ila moja, nayo si ndogo: ramani ya Tolkien ni kipande tu cha dunia, na upepo hauanzi ukingoni mwa karatasi. Kadiri mahali palivyo karibu na pembizo ndivyo nisivyopaamini sana.

Nawe msomaji uchoraye bila kompyuta, usisahau mikondo ya bahari, kwani ule baridi wa Benguela ndio unaosaidia kuifanya Namib kuwa jangwa hadi ufukweni. Na kwa kuwa bara kubwa hugeuza upepo kwa majira, kama Asia inavyotuletea kaskazi na kusi, chora mishale ya Januari katika karatasi yake, na ya Julai katika karatasi nyingine.