Ukuta na Baraza

Ukipita Kariakoo, Ilala au Magomeni, jijini Dar es Salaam, katikati ya maghorofa bado utaona nyumba chache za zamani tulizozoea kuziita nyumba za Kiswahili. Ramani yake ni ileile: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, kisha uani penye jiko, bafu na choo. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za namna hii Magomeni. Ramani hiyo ilibeba imani za watu walioishi ndani yake.

Imani ya kwanza ni stara. Mgeni alipokelewa barazani. Mapishi na maongezi ya kina mama yalibaki uani. Desturi hiyo ni ya pwani: wenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja nao waliweka mabaraza ya kupokelea wageni kabla hawajafika ndani. Imani ya pili ni ujirani. Baraza lilitazama barabara. Muuza kahawa alipita hapo, bao lilichezwa hapo, na habari ya msiba ilienea kabla jua halijapanda. Wakristo na Waislamu, wazawa na waliotoka bara, walipanga chini ya paa moja.

Sisemi palikuwa peponi. Choo kimoja kwa familia kadhaa ni adha, na korido ilibeba siri za kila chumba. Aliyehama ana sababu zake. Lakini tazama tumehamia wapi. Kiwanja kikipatikana pembezoni mwa jiji, wengi wetu hujenga ukuta kabla ya nyumba, mrefu kuliko mtu, juu yake vipande vya chupa au nyaya za umeme. Stara tumehama nayo. Ujirani tumeuacha Kariakoo.

Tukiulizwa, tunasema ni wezi. Wezi wapo kweli. Lakini tuseme na lile tunalonong'ona: tunaogopa kijicho. Tunahofia jirani akiona gari na madirisha mapya atatuloga. Wapo wanaomwita mchungaji aombee msingi asubuhi, na usiku wakafukia dawa kwenye pembe za kiwanja. Ukuta wa namna hiyo ni ungamo la imani lililoandikwa kwa matofali: hofu yetu kwa jirani imezidi tumaini letu kwa Mungu.

Torati inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na kufa (Kumbukumbu la Torati 22:8). Huo nao ni ukuta, ila umejengwa kwa ajili ya uhai wa mwingine. Na katika Luka 16 hatusimuliwi kwamba tajiri alimfukuza Lazaro. Lazaro alilala mlangoni pake, naye akaendelea kula. Yule tajiri angalau angeweza kumwona. Sisi geti letu ni la chuma kitupu.

Naandika haya nami nikiwa na ukuta wangu. Mwaka juzi jirani tuliyepakana naye kwa miaka saba alifiwa na mkewe. Usiku nilisikia kilio nikadhani ni televisheni. Nilijua siku ya pili, nilipotoka na gari nikaona turubai. Nilipofika msibani, mzee yule alinishika mkono, akaniuliza kwa upole naitwa nani.

Sikubomoa ukuta. Nilijenga benchi la saruji nje ya geti, chini ya mwarobaini. Mwanzoni walikaa vijana wa bodaboda, na sikutulia hata kidogo. Sasa nawajua kwa majina, na jioni mzee yule huja kukaa nao. Nikirudi kazini hupunguza mwendo, nikashuka kumwamkia.

Ndugu zangu, makanisa yetu nayo yamezungushiwa kuta, na katikati ya wiki mageti yake yamefungwa. Kamati ya ujenzi itakapokutana tena, isiishie kwenye bei ya nondo na rangi ya geti. Ijiulize pia: mpita njia aliyechoka atakaa wapi?