Kelele Zisizosikika: Tathmini ya Tafsiri Moja ya Kiufundi

Miongoni mwa kazi za tafsiri tulizosahihisha muhula uliopita yalikuwamo makala mafupi kuhusu kupunguza kelele katika ishara za data zinazopita kwa kasi kubwa kati ya saketi unganishi, yaani chipu, ndani ya kompyuta. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari, na istilahi zilitumika kwa uthabiti. Tuliyapa alama 16 kwa 20. Baadaye tulimwomba mwenzetu wa uhandisi ayasome. Akayasoma, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, Kiswahili ni kizuri, lakini mwanafunzi wangu akiyafuata haya atashindwa mtihani." Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza tulikuwa tukipima nini.

Neno kelele lenyewe hatulilaumu. Wasomaji wetu waliosoma nadharia ya mawasiliano wanaukumbuka mchoro wa Claude Shannon wa mwaka 1948, wenye mtumaji, njia, mpokeaji na kelele. Kelele za Shannon si lazima zisikike masikioni. Ni chochote kinachoingia njiani kikamfanya mpokeaji apate kisichotumwa. Kasoro ya makala ni kwamba neno hilo moja lilibebeshwa mizigo yote.

Kati ya chipu na chipu, data husafiri kama volti inayopanda na kushuka katika njia nyembamba za shaba. Katika kumbukumbu ya aina ya DDR4, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 2012, njia moja yaweza kupitisha hadi biti milioni 3,200 kwa sekunde. Ishara huenda takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo biti moja huchukua kama sentimita 5 tu za njia. Hapo vurugu ndogo hutosha kuifanya 1 isomeke 0.

Vurugu hizo zina vyanzo mbalimbali. Ishara ikifika mwisho wa njia usiolingana nayo, sehemu yake hurudi ilikotoka. Tunalo neno la jambo hilo: mwangwi. Dawa yake ni rezista inayofaa mwishoni, ili ishara imezwe isirudi. Pili, njia mbili zilizokaribiana huambukizana ishara. Tatu, njia nyingi zikibadilika kwa pamoja, mkondo wa umeme hubadilika ghafla na volti ya chipu nzima huyumba, kama bomba za bweni zinavyopoteza nguvu wote wakizifungua asubuhi. Makala yaliyaita yote haya kelele, na msomaji hakuweza kujua kwa nini kila moja lina dawa yake.

Kasoro ya pili imo katika kitenzi. Mwanafunzi aliandika kwamba "waya wa pili hunyamazisha kelele za waya wa kwanza." Sentensi ni tamu, lakini si kweli. Katika mbinu hii ishara hutumwa kwa nyaya mbili: mmoja ukipanda, mwenzake hushuka. Vurugu za nje huzipata zote mbili karibu sawasawa. Mpokeaji hasomi volti ya waya wowote peke yake. Husoma tofauti kati ya nyaya mbili, na kile kilichoingia kwa usawa hujifuta katika kutoa. Katika mfumo wa LVDS tofauti hiyo ni takriban milivolti 350 tu. Hakuna kilichonyamazishwa. Methali yetu imelieleza jambo hili vizuri zaidi: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Chura bado analia, na ng'ombe anakunywa.

Tatu, makala yalisema "data hupinduliwa ili kuondoa kelele," bila maelezo zaidi. Msomaji atadhani data imeharibiwa. Ukweli ni kwamba, katika DDR4, njia iliyo katika hali ya 0 ndiyo inayopitisha mkondo. Mbinu hii ikitumika, kundi la biti 8 likiwa na sifuri zaidi ya 4, biti zote hugeuzwa, na njia ya 9 humjulisha mpokeaji azigeuze tena. Kwa hiyo kati ya njia 9, zisizozidi 4 ndizo huwa katika 0, na volti huyumba kidogo zaidi. Hapa sehemu ya kelele imezuiwa isizaliwe. Kwa maoni yetu, kitenzi kugeuza kinafaa kuliko kupindua, mradi sababu itajwe.

Basi kumeza, kufuta kwa kutoa na kuzuia kuzaliwa ni vitendo vitatu tofauti, na Kiswahili kina maneno ya kuvitenganisha. Kilichokosekana ni mtafsiri kuelewa kitu kinachotendeka, na msahihishaji kumdai aelewe.

Alama za mwanafunzi hatukuzipunguza, kwa kuwa alifanya tulichomfundisha. Tulichobadilisha ni utaratibu wetu. Kuanzia muhula huu, kila tafsiri ya kiufundi itasomwa kwanza na mtu wa fani husika, naye ataulizwa swali moja tu: je, mtu aliyesoma hapa pekee ataweza kueleza kinachotokea? Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu swali hilo katika madarasa yao, na watuandikie walichokiona.