Kwa Heshima ya Mkwangua Masizi

Mlima Kitonga haudanganywi. Pikapu ya dizeli imetoka Dar es Salaam, imekata mbuga ya Mikumi bila shida, imepita Ruaha Mbuyuni dereva akipiga mluzi. Ikifika kwenye kona zile na mzigo wa mabati mgongoni, gari halivuti. Anakanyaga mafuta, moshi mweusi unatanda nyuma, mwendo hauongezeki. Wengi hapo hulaumu pampu, au kituo walichojazia mafuta. Mara nyingi ugonjwa umo mahali ambapo hakuna anayepatazama: njia ya kuingizia hewa, iliyojaa masizi.

Nataka kumsifu fundi anayeyatoa masizi hayo kwa mikono yake katika gereji za Iringa na Mbeya. Kazi yake haisifiwi, kwa sababu ikikamilika haionekani. Kila kitu kinarudishwa pale pale kilipokuwa, boneti inafungwa, na gari kwa nje ni lile lile.

Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Mafundi huiita EGR tu. Moshi una oksijeni kidogo, kwa hiyo unapunguza joto la mwako, na joto likipungua gesi zenye sumu za oksidi za naitrojeni hupungua pia. Wazo ni zuri. Lakini moshi huo hubeba masizi, na katika njia ile ile hupita mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini. Masizi makavu peke yake yangepeperuka. Yakikutana na oili, hunata. Juu yake hunata mengine, na mengine, mpaka tundu la kupitisha ngumi ya mtoto linabaki la kupitisha kidole.

Nyanda za Juu Kusini zina adha yake ya ziada. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Injini iliyokwisha kunyimwa hewa na mlima haiwezi kuvumilia kunyimwa tena na masizi. Baridi ya Juni na Julai nayo inachangia: gari la kutoka mtaa wa Soweto hadi Mwanjelwa, humo humo mjini, na kurudi linazimwa kabla injini haijapata joto la kutosha, na mvuke wa oili unaganda kwenye chuma cha baridi. Kule Mufindi, kwenye barabara za kubebea mbao za msitu wa Sao Hill, adui ni vumbi. Linaziba chujio la hewa, mafuta hayaungui yote, masizi yanazidi.

Kwa hiyo fundi ninayemheshimu huanza na maswali kabla ya spana. Gari hili linatembea wapi? Linabeba nini? Chujio lilibadilishwa lini? Oili inapungua? Kisha anachomoa waya wa betri, anaweka alama kwenye kila mpira na kila soketi, bolti anazitenga kwenye makopo kwa mpangilio zilivyotoka. Manifoldi ya kuingizia hewa ikishuka ndipo unapoona: juu tope jeusi linaloteleza, chini yake ganda gumu lililoshika alumini kama ukoko wa ugali.

Hapo mwenye pupa huchukua bisibisi. Fundi wangu huchukua kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kwa sababu alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja kwenye uso unaokaa gasketi utavujisha hewa tabo ikianza kusukuma. Anakwangua, analoweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kesho anasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, anapuliza kwa kompresa, anaanika. Kuanika ni lazima. Mafuta ya taa yakibaki kwenye vijia vya ndani, injini huyavuta kama chakula, na dizeli ikipata chakula kupitia njia ya hewa inaweza kunguruma kupita kiasi hata ukiwa umeshazima ufunguo. Mtu akishaona hilo mara moja hamharakishi fundi tena.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni silinda hedi, maana hiyo hailowekwi. Fundi anazungusha injini polepole kwa spana iliyoshika bolti ya puli ya mbele, mpaka vali za kuingiza hewa za silinda anayoishughulikia zifunge kabisa. Matundu mengine ya hewa anayaziba kwa vitambaa. Mkono mmoja unakwangua, mwingine umeshika mpira wa mashine ya kufyonza vumbi, sikio linasikiliza. Punje ngumu ya kaboni ikidondokea ndani inaweza kuchubua ukuta wa silinda au kukaa chini ya vali isifunge. Anarudia silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Kabla ya kufunga anamgeukia kijana wake: "Dogo, vitambaa vingapi tuliweka?" "Vitatu, fundi." "Nionyeshe vyote." Sijui somo la uaminifu linalofundishwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Ipo njia ya mkato: kukata kipande cha bati na kuziba EGR moja kwa moja. Siikubali. Masizi yaliyokwisha kujaa yanabaki yalipo, oili inaendelea kupita, na sumu ile ambayo vali ililetwa kuipunguza inarudi mitaani, puani mwa mama anayeuza viazi kando ya barabara Ilula. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 ziuze dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ili moshi uwe safi zaidi. Tungekuwa tunaharibu kwa bati tulichotengeneza kwa sheria.

Na tukimjali fundi, tumjali na mwili wake. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutaja moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Glovu na barakoa si anasa ya gereji kubwa. Maji machafu ya kuoshea nayo yasimwagwe mtaroni, kwani mtaro wa Ipogolo, Iringa, haufiki mbali kabla ya kukutana na mto Ruaha Mdogo.

Mteja akija kuchukua gari hulalamika bei, kwa kuwa hakuna kifaa kipya alichonunuliwa zaidi ya gasketi. Fundi anamwonyesha ndoo ya masizi, kisha wanapanda wote kulijaribu Mlima Nyoka, mzigo ukiwa juu. Moshi ukikatika na gari likivuta, wanageuza. Usipokatika, hapokei fedha yote. Anafungua nozeli siku hiyo hiyo na kuzipeleka zikapimwe.