Viambishi Tamati vya Simo ya Intaneti katika Kiingereza: Uzazi na Kumbukumbu

Wapo wahakiki wanaodai kwamba simo ya intaneti inakiharibu Kiingereza. Wapo wengine wanaoiona kuwa mchezo wa vijana usiostahili kuhakikiwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba pande zote mbili zimepotoka, kwa kuwa zinayatazama maneno mapya bila kuvichunguza viambishi vinavyoyazaa.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Mwaka 1972 wavamizi walinaswa katika ofisi za chama cha Democratic, jengo la Watergate, mjini Washington. Kashfa iliyofuata ilimwondoa Rais Nixon madarakani mwaka 1974. Silabi ya mwisho ya jina hilo, ambayo maana yake asilia ni lango tu, ikakatwa na kuwa kiambishi chenye maana ya kashfa. Hivyo ndivyo Waingereza walivyopata "Partygate", kuhusu sherehe zilizofanyika serikalini wakati wa masharti ya Korona. Kiswahili nacho kinaujua uchanganuzi mpya wa namna hii, ila chetu huanzia mwanzoni mwa neno: silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu "kitab" ilichukuliwa kuwa kiambishi ngeli, tukapata "vitabu".

Kilicholetwa na intaneti, basi, ni kasi na chimbuko. "-pilled" inatokana na kidonge chekundu katika filamu ya The Matrix (1999), ambacho anayekimeza huuona ukweli uliofichwa. Taswira hiyo ilitwaliwa baadaye na makundi ya wanaume wanaopinga harakati za wanawake. "-maxxing" nayo ilienezwa na wanaume waliojiona wamekataliwa na wanawake, wakahimizana kuuboresha mwonekano wao hadi kikomo. Leo mtu husema "sleepmaxxing" akikusudia kulala vyema tu. Hata "-ussy", iliyokatwa kutoka tusi linalotaja uke, iliteuliwa na American Dialect Society kuwa neno la mwaka 2022, ingawa si neno kamili.

Je, chimbuko hufutika? Kiisimu, maana hufifia kadiri kiambishi kinavyoambatishwa kwa maneno mengi zaidi. Kihakiki, hatuna budi kusita. Anayesema "sleepmaxxing" hajawa mfuasi wa kundi lolote. Hata hivyo amekubali, pengine bila kujua, kwamba usingizi ni kitu cha kupimwa na kukamuliwa hadi tone la mwisho. Chuki imebaki nyuma, lakini mantiki ya mashindano imesafiri pamoja na kiambishi. Vivyo hivyo, "-gate" huyaweka makosa madogo na makubwa katika mizani moja.

Kwa hiyo, mhakiki anapokutana na viambishi hivi vinywani mwa wahusika, haitoshi kuuliza iwapo hicho ni Kiingereza sanifu. Aulize kiambishi kimebeba nini kutoka kilikozaliwa, na kimemfanya mhusika auone ulimwengu kwa jicho la nani.