Tangazo la Jirani Lisilozimwa

Fundi mmoja wa samani wa Keko, Dar es Salaam, alinijia akilalamika kwamba hela anayosponsia Instagram inaliwa bure. Picha zake nzuri, sofa linang'aa, simu haziiti. Mwenzake wa mtaa wa pili, mwenye video za kutikisika, anapakia mizigo ya mikoani kila wiki. "Huyo atakuwa na mganga," akasema. Nikamwambia basi twende tukamchungulie huyo mganga.

Kuchungulia huku si wizi. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana maktaba ya wazi iitwayo Ad Library. Ilianza 2018 na matangazo ya siasa, na 2019 ikafunguliwa kwa matangazo yote yaliyo hewani. Unachagua nchi, unaandika jina la ukurasa, unaona. Kwa matangazo ya biashara ya huku kwetu maktaba ni bahili: haikwambii mtu kalipa kiasi gani wala kawalenga kina nani, na tangazo likizimwa linatoweka. Katika Umoja wa Ulaya, sheria imelazimisha tangazo libaki mwaka mzima, pamoja na idadi ya watu waliofikiwa. Sisi tumeachiwa kitu kimoja cha maana: tarehe lilipoanza.

Hapo ndipo nilipokaa. Jirani alikuwa na matangazo tisa. Saba yalikuwa ya siku chache tu, ofa ofa, maandishi mekundu, muziki juu. Mawili yalikuwa yamepita miezi mitatu, na mfanyabiashara wa Keko hatoi hela miezi mitatu kwa kitu kisichomletea mteja. Ila umri nao hudanganya. Anayesponsa kwa simu huchagua idadi ya siku, kwa hiyo tangazo likifa siku ya saba huenda halijashindwa, limeisha muda tu. Na lipo linaloishi kwa sababu mwenyewe kasahau kulizima. Nikawa nafungua maktaba kila Jumatatu kwa wiki nne na kupiga skrinishoti. Yale saba yakapotea. Mawili yakabaki, na moja likazaa mengine matatu: video ileile, maneno ya mwanzo tofauti. Tangazo lililosahauliwa halizai.

Video yenyewe ilikuwa hivi. Sofa limepinduliwa, kitambaa cha chini kimefunuliwa. Mkono wa fundi unagonga mbao, ko ko ko, unavuta mikanda, unaminya sponji mpaka ijirudie. Muziki hakuna. Mnunuzi wa Dodoma asiyeweza kufika Keko ana hofu moja, kuuziwa sofa la mbao za maboksi lililoshindiliwa vipande vya sponji. Video inamjibu hofu hiyo bila kuitaja. Picha za fundi wangu zilikuwa zinamwonyesha rangi.

Wengi wangeishia hapo, wakapindua sofa lao na kunakili. Mimi nikaenda kwenye ukurasa wake, maana maktaba haionyeshi komenti, nikateremka kwenye komenti, mahali ambapo wateja wa jirani wanamwambia bure kile anachokosea. Bei? Bei gani jamani? Mwanza inafika kwa shilingi ngapi? Na jibu la ukurasa, kila mara: njoo inbox. Nikaenda inbox nikauliza bei kama mtu mwingine yeyote. Jibu lilikuja kesho yake jioni. (Sijui nani aliyewafundisha wauzaji wetu kwamba bei ni siri ya ndoa.)

Tukachukua kwake wazo la kuonyesha ndani, video yake tukamwachia. Fundi wangu alirekodi sofa la oda likiwa bado mifupa, kabla ya kitambaa, akataja bei kwa mdomo wake, kisha nauli ya lori hadi Mwanza, Mbeya na Arusha. Kitufe cha tangazo kikapelekwa WhatsApp, na binti yake akapewa kazi moja tu, kujibu ndani ya dakika kumi. Meseji za kuuliza bei na kupotea zimepungua. Wanaoingia sasa wanauliza mzigo utafika lini, na hilo ni swali la mtu aliyekwisha kuamua.

Jumatatu iliyopita nikafungua maktaba kama kawaida. Jirani ana tangazo jipya: sofa mifupa, na bei imeandikwa.